Siku ya Kupiga Windows

"Kuna kitu chako humu?"

Ukimpelekea fundi kompyuta iliyogoma kuwaka, hilo ndilo swali atakalokuuliza kabla hajachomeka flashi yake apige Windows, yaani aiweke upya. Swali lenyewe ni la sekunde tatu, na majibu ninayoyasikia ni ya namna mbili. Wapo wanaosema, "Hamna, wewe piga tu," halafu usiku wanashtuka usingizini kwa kukumbuka picha za marehemu mama zilizokuwa pale Desktop. Wapo wanaosema, "Kila kitu kimo humo," na hapo fundi anavuta pumzi ndefu, kwa sababu kazi ya saa moja imeshageuka ya siku mbili, na bei nayo imebadilika.

Ninachotaka kukufundisha ni namna ya kufika kwenye jibu la tatu: "Vitu vyangu viko diski nyingine. Hii piga."

Kompyuta yako inabeba mizigo miwili isiyofanana hata kidogo. Mmoja ni mfumo endeshi, yaani Windows au Linux, pamoja na programu zake. Mzigo huu haukosekani mjini. Fundi anao kwenye flashi, intaneti unapakuliwa. Wa pili ni kazi zako: barua, hesabu za duka, picha, video za harusi, tasnifu ya mwanao. Huu ukipotea hakuna duka utakalokwenda kuununua. Sasa tazama kinachotokea: unaoharibika kila mara ni ule wa kwanza. Umeme umekatika katikati ya sasisho, kirusi kimeingia na flashi ya mteja, mtoto amefuta alichofuta. Mzigo wa pili hauna ugomvi na mtu. Unaponzwa na jirani.

Nitazungumzia mashine ninazozijua, zile za mtumba zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya na sasa zimejaa Kariakoo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Ndizo zilizoko kwenye steshenari nyingi, na ndizo vijana wa video za send-off wanazoanzia kazi. Nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba, na hapo kuna jambo la kukuharakisha. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inaanzia rasmi kizazi cha nane, ukiondoa prosesa chache. Kwa hiyo wenye mashine hizi, ama wanunue nyingine, ama wahamie Linux, ama walazimishe mambo kwa njia za panya. Kwa vyovyote, mfumo utabadilishwa. Heri ubadilishwe kazi zako zikiwa chumba kingine.

Pazia si ukuta

Kabla hujatoa pesa, ondoa kwanza mkanganyiko mmoja. Umefungua "This PC", umeona C na D, ukasema, "Mbona mimi diski ninazo mbili?" Mara nyingi unayo moja. Fundi ameikata vipande viwili, kitu kinachoitwa patisheni, na kila kipande akakipa herufi yake. Ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mgeni aliye upande wa sebule hakuoni, lakini paa likivuja mnalowa wote.

Kujua ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Disk Management", kisha tazama nusu ya chini ya dirisha. Kila diski halisi ina mstari wake: Disk 0, Disk 1, na kuendelea. C na D zikiwa kwenye mstari mmoja, una pazia.

Sisemi pazia halina maana. Siku ya kupiga Windows, fundi makini atafuta C peke yake na D itabaki salama. Lakini ukubwa wa C hukadiriwa kwa kubahatisha, na baada ya mwaka unakuta C imekuwa nyekundu kwa kujaa huku D ina uwanja wa mpira. Fundi asiye makini, tena usiku, atafuta patisheni zote kwa kubonyeza "Delete" mara moja zaidi. Na diski yenyewe ikifa, imekufa na vipande vyake vyote. Diski mbili halisi, kila moja na waya wake, ndiyo habari ninayoisema hapa.

Ipi ibebe nini

Diski ya zamani, ile yenye sahani, huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na ina mkono unaokimbia huku na huko kutafuta mahali pa kusoma. Kila safari ya mkono huo, pamoja na kusubiri sahani izunguke, huchukua milisekunde kumi na kitu. Kwa binadamu hiyo ni kufumba na kufumbua. Kwa Windows, ambayo inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, ndiyo sababu unawasha mashine, unakwenda kununua chapati, unarudi, na bado kiduara kinazunguka. SSD haina sahani wala mkono. Hujibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Basi mfumo ukae kwenye SSD, na hilo halina mjadala tena. Watu hubishania aina gani. SSD za SATA husoma hadi kama megabaiti 550 kwa sekunde. Zile za NVMe, vijiti vinavyolala juu ya bodi kuu, hufika 3,500 na kupita. Tofauti kwenye karatasi ni kubwa, lakini kwa mtu wa Word, Excel na kivinjari, ukimfumba macho ukambadilishia hatajua. Anachokijua asubuhi ya kwanza ni kutoka kwenye sahani kwenda SSD yoyote ile. Kama bodi yako haina nafasi ya NVMe, usiumie moyo.

Ukubwa: Microsoft inataka angalau gigabaiti 64 kwa Windows 11, na hicho ni kima cha kukaa kwa shida. Diski ya 128 itakubana masasisho yakianza kurundikana. 256 inatosha mfumo na programu za kawaida, ikabaki nafasi ya kupumua, na uiache hiyo nafasi kweli, kama sehemu moja ya tano, kwa sababu SSD iliyojaa pomoni hupunguza mwendo.

Kazi zako ziende kwenye sahani. Sababu ya kwanza unaijua: kwa pesa ileile unapata nafasi kubwa zaidi. Ya pili ni kwamba kazi nyingi hazihitaji kasi. Chukua video ya harusi iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, gigabaiti 45 kwa saa, na diski ya sahani yenye afya hutoa megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde kwa faili refu lililonyooka. Kuweka harusi zilizokwisha kukabidhiwa kwenye SSD ya bei ghali ni kukodi teksi ya kubebea mkaa. Mambo hubadilika tu unapohariri kamera tatu kwa pamoja, maana mkono ule huanza kukimbizana. Hapo kazi inayoendelea iweke SSD, na ikiisha ihamishie kwenye sahani.

Sababu ya tatu watu hawaitaji. Diski ya sahani mara nyingi huugua kabla ya kufa: hugonga, hukwaruza, hufungua folda kwa kusuasua, ikakupa siku mbili tatu za kuokoa vitu. SSD inaweza kukuaga jioni ikiwa nzima na asubuhi ikawa jiwe. Halafu ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye sahani, programu za uokoaji mara nyingi hulikuta bado limelala palepale. Kwenye SSD kuna utaratibu uitwao TRIM unaoiambia diski kwamba sehemu hiyo haitumiki tena, na diski huisafisha yenyewe. Ukichelewa kidogo, umechelewa kabisa.

Wengine huogopa kwamba SSD "inaisha" kwa kuandikwa. Ni kweli ina kikomo, lakini tufanye hesabu. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250 imedhaminiwa kuandikwa terabaiti 150. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku ya Mungu, zitapita siku 7,500, yaani miaka 20 na zaidi. Utakuwa umeshaigawa.

Ukiwa dukani

Diski ya sahani utakayopata kwa bei nzuri itakuwa ya mtumba, na si kosa, ilimradi umwombe muuzaji aichomeke mbele yako. Beba programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo kwenye flashi. Itakusomea kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe. Mimi natazama mistari mitatu. Saa ilizowaka: mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, hivyo diski yenye saa 35,000 imeshafanya kazi miaka minne mfululizo. Mstari wenye alama 05, unaohesabu sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa. Na C5, unaohesabu sehemu zinazosubiri hukumu. C5 ikiwa na namba yoyote isiyo sifuri, mshukuru muuzaji, ondoka. Atakuambia ni kawaida. Mwache nayo.

Usidanganywe na vijisanduku vya nje vinavyojiita SSD za terabaiti mbili, au hata 16, kwa bei ya pilau na soda. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake. Hupokea kila unachoipa, ikifika mwisho wake halisi huanza kuandika juu ya vya zamani, na majina ya mafaili yote bado unayaona. H2testw, programu nyingine ya bure, huijaza diski hadi ukingoni kisha huisoma yote upya. Muongo huumbuka hapo.

Na kabla hujatoka nyumbani, fungua kasha la kompyuta yako, upige picha kwa simu. Kila diski ya SATA inataka nyaya mbili, mwembamba wa data wenye pini 7 na mpana wa umeme wenye pini 15. Mashine ndogo za ofisini mara nyingi hazina nyaya za umeme zinazoning'inia kutoka pawa saplai. Umeme wa diski hutoka kwenye bodi kuu kwa plagi ya kampuni yenyewe, na huenda kuna wa diski moja tu. Fundi akiona picha atakupa waya wa kugawa. Kama ni NVMe, angalia kitabu cha mashine yako mtandaoni: tundu la M.2 linaweza kupokea vijiti vya NVMe pekee, vya SATA pekee, au vyote. Namba 2280 kwenye kijiti ni vipimo tu, upana milimita 22 na urefu 80, haikuambii ni cha aina gani.

Chomoa kwanza

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, kwa hiyo nivumilie nikikaa kidogo.

Nilinunua SSD, nikaifunga kando ya diski ya zamani, nikawasha, nikaweka Windows kwenye SSD. Ikawaka kama umeme, nikajisifu. Miezi mitatu baadaye nikaing'oa ile diski ya zamani nimpe mdogo wangu. Nikawasha: skrini nyeusi, maandishi meupe, eti hakuna diski ya kuwashia. SSD iko palepale, Windows imo ndani yake nzima, na mashine inaniapia haijaiona.

Kilichotokea ni hiki. Unapoweka Windows, kisakinishi huangalia kama kuna patisheni ya kuwashia kwenye diski yoyote iliyochomekwa. Ikiipata kwenye diski ya zamani, huitumia hiyohiyo badala ya kutengeneza mpya. Nyumba umejenga kwenye SSD, funguo zimeachwa kwa jirani wa zamani. Ipo njia ya kurekebisha kwa amri, nami niliipitia kwa siku nzima nikiwa na simu mkono mmoja. Njia fupi ni kuchomoa waya wa diski ya kazi kabla ya kuanza, mfumo uuweke SSD ikiwa peke yake kwenye mashine, na ukimaliza ndipo uirudishe nyingine. Faida ya ziada ni kwamba diski isiyo na waya haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya hata na fundi mwenye usingizi.

Ukifungua kasha, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ushuke, gusa chuma cha kasha, ndipo ushike vifaa. Na kama kwenye skrini ya mipangilio ya BIOS mashine imewekwa "RAID", hali ambayo Dell nyingi hutoka nayo kiwandani, badilisha iwe "AHCI" kabla ya kuweka mfumo mpya, hasa ukiwa unaweka Linux, ambayo kwenye hali ya RAID huenda isiione kabisa NVMe yako.

Sasa rudisha diski ya kazi na ufungue tena Disk Management. Kama ni mpya tupu, Windows itauliza mtindo wa jedwali: chagua GPT, kwa kuwa MBR ya kale hukomea terabaiti mbili. Ipe umbo la NTFS, jina KAZI, na herufi ya mbali kidogo, tuseme K, ili flashi na visoma-kadi visije vikaigombania. Lakini kama diski hiyo tayari ina vitu vyako na Windows inakuambia "Initialize" au "You need to format the disk", jibu ni "Cancel". Funga kila kitu, tafuta mtu anayejua. Kubonyeza "Format" kwa sababu kompyuta imekuomba kwa heshima kumewaliza wengi.

Kuhama kwenyewe

Sehemu ngumu si diski wala nyaya. Nimeona watu wenye SSD safi na terabaiti mbili pembeni, na bado kila wanachohifadhi kinaangukia C, kwa sababu Word inapobonyezwa "Save" hupeleka Documents, Chrome hupeleka Downloads, na mwenye haraka huweka Desktop. Zote tatu ziko C mpaka wewe useme vinginevyo. Kumwambia mfanyakazi wa steshenari "kumbuka kuhifadhi K" ni kupoteza sauti. Mteja wa tatu akifika ameshasahau. Hamisha folda zenyewe, ili mazoea yake yabaki yaleyale na kazi zifike panapotakiwa.

Ndani ya K tengeneza folda, kila moja na jina lake: Nyaraka, Mezani, Vilivyopakuliwa, Picha, Video. Kisha bonyeza kulia juu ya Documents, "Properties", kichupo cha "Location", halafu "Move", uelekeze K:\Nyaraka. "Apply". Itauliza kama ihamishe na vilivyomo, kubali. Rudia kwa Desktop, Downloads, Pictures na Videos, kila moja na folda yake. Usielekeze hata moja kwenye K:\ tupu, bila folda. Ukifanya hivyo diski nzima hugeuka kuwa "Documents", kurudisha ni kazi, na ukielekeza ya pili palepale zitachanganyika kama mchele na kokoto.

Kama kichupo cha Location hakionekani au kinagoma, mtazame OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kwenye Windows za karibuni huwa ameshazichukua Desktop, Documents na Pictures, akaziweka ndani ya folda yake. Ingia kwenye mipangilio yake, zima nakala za folda hizo, ndipo uhamishe. Chagua mwenyeji mmoja. Wawili watagombana, na atakayejeruhiwa ni wewe.

Programu zenyewe ziache C. Kuziweka K hakukuokoi, kwa kuwa Windows ikipigwa upya haizitambui tena, utaziweka upya vilevile. Wala usijaribu kuhamisha AppData au Program Files nzima kwa ujanja uliousikia kijiweni.

Ila ndani ya C hubaki vitu vyako ambavyo kuhamisha Documents hakuvigusi. QuickBooks ya mezani huweka mafaili ya kampuni kwenye Public Documents, ambayo ni folda tofauti na Documents yako. Fungua programu, uhifadhi faili hilo K, na uendelee kulifungulia huko. Tally nayo ina mahali pa data panapobadilishwa ndani ya programu yenyewe. Barua za Thunderbird ziko AppData\Roaming. Alamisho na nywila za kivinjari zimo AppData pia, na dawa yake ni kuingia kwa akaunti ili zihifadhiwe nje. Orodha yako haitafanana na yangu. Ishike kazi unayoifanya kila siku, jiulize kila kitu unachokigusa kinalala wapi usiku.

Siku ya kupiga ikifika

Kabla ya fundi kugusa chochote, kuna swali moja analopaswa kukuuliza na wengi hawaulizi: je, diski imefungwa kwa BitLocker? Windows 11, hasa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, huweza kufunga diski za ndani kimyakimya. K yako inaweza kuwa inajifungua yenyewe kila siku kwa sababu ufunguo umehifadhiwa C. Ukifuta C, ufunguo umeenda nao. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, uuchape kwenye karatasi, uuweke pamoja na hati ya kiwanja.

Baada ya hapo chomoa K, piga Windows, rudisha K, uipe herufi ileile ili miradi ya video isipotee njia. Ukifungua folda za zamani Windows inaweza kusema huna ruhusa. Bonyeza "Continue", usiogope. Ni kwamba mfumo mpya haukujui, hata kama umejipa jina lilelile. Kisha elekeza tena Documents na wenzake kwenye folda zilezile za K.

Ukiamua kuhamia Linux, mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu mfumo huo ulizoea tangu zamani kutenga /home, folda ya vitu vya mtumiaji. Wakati wa kuweka, mpe /home diski yake, au uipachike baadaye kwenye /etc/fstab kwa UUID, kitambulisho chake cha kudumu, si kwa jina kama sdb1 ambalo hubadilika. Ongeza neno "nofail" ili mashine iwake hata siku diski hiyo haipo. Ukibaki na mifumo yote miwili, zima "Fast Startup" kwenye Windows. La sivyo Windows haizimiki kikamilifu, na Linux itakataa kuandika kwenye diski ya NTFS.

Wenye laptopu ya zamani yenye tundu la CD wanaweza kulitoa na kuweka kifremu cha kubebea diski ya pili; pima unene kwanza, 9.5 au 12.7 milimita. Wasio nalo watatumia diski ya nje, na hapo angalia tundu: gigabaiti 45 za harusi yetu kwa USB 2.0 ni dakika 20 na ushei, kwa USB 3.0 ni sita au saba.

Mwizi hachagui herufi

Nimesema tenga, sijasema umekuwa salama. C na K ziko ndani ya kasha moja, na mwizi hubeba kasha. Radi ikipita kwenye waya hupita kwa wote. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga kila herufi vinayoiona. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Mimi naitekeleza kiswahili: diski ya nje inayochomekwa Jumamosi tu, na siku nyingine inalala kwa shangazi yangu Mbagala.

Kunakili si lazima kwa kuburuta folda. Fungua dirisha la amri uandike robocopy K:\Nyaraka E:\Nyaraka /E, na itanakili vipya na vilivyobadilika, itaviruka vilivyokwisha kuwepo. E hapo ni herufi ya diski ya nje, hakikisha yako. Mtandaoni utakutana na wanaopendekeza /MIR. Hiyo hufuta upande wa pili kila kitu kisichokuwepo upande wa kwanza, na ukikosea kupanga K na E, umejipiga mwenyewe.

Mwisho fanya mtihani. Jumapili moja isiyo na wateja, zima mashine, toa diski ya K, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ukamilishe oda moja ya kweli toka mwanzo hadi kuchapa, bila kurudi C. Nilipojaribu mimi, barua zilikuwepo, picha zilikuwepo, hesabu zilifunguka. Nikafungua kadi ya harusi ya wiki iliyotangulia: majina ya maharusi, yaliyokuwa yameandikwa kwa herufi za kupinda na mikia, yamegeuka Arial. Fonti zote nilizokusanya kwa miaka zilikuwa zimelala C:\Windows\Fonts, na nyingine ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts, mahali ambapo sijawahi hata kupachungulia. Nilirudi dukani kwangu usiku uleule na kufungua folda mpya, K:\Fonti.